Petali Elfu Moja na Mia Mbili

Jumatatu, 4 Machi
Mjukuu wangu, shika adabu. Unamwambia kila mtu bibi yako asiguse kompyuta, mimi niliyekushonea sare zote za shule. Naliambia daftari, lakini ukiiba kusoma, umesoma.

Mwenye nyumba ya wageni anataka mapazia ya maua, madirisha ishirini. Mchoro umfikie Alhamisi kabla ya saa sita mchana. Wifi yangu naye anaitaka kazi hiyo. Hanizidi kitu ila mdomo.

Jumanne, 5 Machi
Mjukuu kanielekeza. Kompyuta ina kadi ya picha, na ndani ya kadi vibarua maelfu, kila mmoja na nukta yake ya kuchora. Mizigo mikubwa huwekwa ghalani, ndiyo kumbukumbu ya kadi, wakaisome huko. Vitu vidogo hawavifuati ghalani, wanapewa mkononi pamoja na amri. Vyangu vilikuwa namba tatu: petali nane, maua arobaini, upana nukta elfu moja na mia mbili. Nikaitikia ndiyo, ndiyo. Sikuelewa hata chembe.

Maua yakatoka mazuri. Akataka kuyatuma. Nikamkataza, kazi huitumi kabla sijaitia mkono wangu.

Jumatano, 6 Machi
Mjukuu kaenda kazini. Nikazitazama zile namba. Nane mbele, elfu na mia mbili mkiani kama mtoto wa kambo. Nyumba gani hiyo? Nikampandisha mkubwa mbele, mdogo nikamweka nyuma, nikabonyeza.

Kikatoka kitu cheusi, chembamba kama kamba ya kiatu. Labda vibarua bado wanachora. Nimengoja mpaka chai ikapoa.

Alhamisi, 7 Machi
Nimekituma hivyo hivyo, wifi asinitangulie. Mwenye nyumba ya wageni kapiga simu kuuliza kama ni mkanda. Nikasema ni mtindo mpya.

Mjukuu kaja mbio. Eti vibarua hawajui ukubwa. Namba ya kwanza kwao ni petali, ya pili maua, ya tatu upana, basi. Nimeagiza maua ya petali elfu na mia mbili kwenye kitambaa cha nukta nane. Nikauliza, hawaoni kuwa dirisha haliwi hivyo? Kasema hawaoni, wanatii tu. Katuma mchoro wa kweli saa saba. Umechelewa.

Ijumaa, 8 Machi
Kazi kapewa wifi. Kapita mlangoni mara tatu, anauliza kama ule mkanda upo wa buluu pia.

Kosa langu silioni. Wasiojua mkubwa ni nani ni wao. Na mwalimu mkuu anatafuta mapazia ya ukumbi wa shule. Mjukuu, kesho asubuhi washa hiyo mashine, nipishe kiti, kakae jikoni.