Hema la Upana wa Wawili

Jumatatu, 3 Machi
Nimeamua. Naenda milimani. Peke yangu, hema na shanta basi! Nitalala pasipo na njia wala jirani, wala mteja wa kuniuliza suti yake lini. Miaka kumi na tisa nilimwahidi mke wangu tutalala kule juu. Kila mwaka nikasema mwakani, kuna sare za shule za kushona. Mwaka jana akafariki. Sasa kitambaa chake cha kichwa kitafika kileleni, na nitakipeleka mimi. Si kaka yake!

Jumanne, 4 Machi
Kaja huyo huyo shemeji. Mpeleka barua, miguu ya chuma, kila pori keshalala. Anataka twende wote. Nikamwambia vizuri sana, Jumamosi. Mimi naondoka Alhamisi. Wajinga ndio waliwao!
Kashika hema langu, akashauri turubai. Turubai! Fundi suti mzima nishone kifuniko cha lori? Nimetumia pamba laini, mshono maradufu. Hata mfuko wa ndani nimeweka.

Jumatano, 5 Machi
Hema limetoka pana mno. Nimepima, nimepima tena. Kumbe nilikata kwa daftari la vipimo: mabega yangu, nikajumlisha na ya marehemu mke wangu. Mkono ulijiendea wenyewe. Nimekaa chini ya meza ya kukatia, nikalia sana. Halafu nikalipiga pasi.
Nimebandika karatasi mlangoni kwa ajili ya wateja: Nimefunga kuanzia Alhamisi. Siri imekamilika.

Alhamisi, 6 Machi
Huru! Nyasi, mawe, upepo, mimi. Nimeimba kwa sauti yangu mbaya na hakuna aliyecheka. Kwa saa mbili sikuwa fundi wala mfiwa. Hema limesimama bila hata kunyanzi moja.
Alasiri, mvua. Pamba laini hunywa maji, kisha huyamwaga ndani. Hema lote likanilalia usoni.
Aliyenifunua ni shemeji. Ana turubai, ana chai ya moto. Kumbe yuko nyuma yangu tangu asubuhi! Nikamuuliza nani kamwambia. Akasema ni dada yake, hospitalini, siku za mwisho. Alimwambia, mume wangu akienda milimani atakudanganya siku, lakini siku ya kweli utaikuta imebandikwa mlangoni mwa duka. Mfuate. Ila kaa mbali kidogo, ajione yuko huru.


Ijumaa, 7 Machi
Tumefika kileleni. Shemeji kavua kofia, akageuka pembeni ili niagane na mke wangu. Kazi yangu ilikuwa moja tu, kukifunga kitambaa kwenye jiwe. Vidole hivi, vinavyofunga vifungo mia kwa siku, vikakataa. Nikamwambia shemeji tayari, nimekifunga kule nyuma. Hakwenda kutazama. Alinishika bega tu, tukashuka.

Jumatatu, 10 Machi
Kitambaa kiko mfukoni mwangu. Nimekifua, nimekipiga pasi. Shemeji hajui kitu!
Ni lazima nirudi nikakiache, safari hii kwa akili. Nimemwambia shemeji tutakwenda tena Jumamosi. Akaitika bila kunitazama usoni. Mimi naondoka Alhamisi. Karatasi nimeshaibandika mlangoni.
Hema jipya nalikata leo. Pamba tena, nzito kidogo. Upana ni ule ule.