Kichina cha Handaki la Uchindile

Jumatatu, 8 Julai 1996
Ndiyo, Kichina! Sifundishi Kiingereza mimi. Hivyo ndivyo nilivyomjibu mke wangu Marsiana. Kauliza nimekisomea wapi, mtu wa darasa la nne. Nikamwambia Uchindile, kwenye handaki la reli, mwaka sabini na mbili. Kacheka mpaka kamwaga uji. Acha acheke! Ifakara nzima inasema Wachina wanarudi kununua mchele. Nina wanafunzi sita tayari, bandani kwa fundi baiskeli.

Jumanne, 9 Julai
Balaa! Mratibu wa elimu, Bwana Gosbert, kafunga darasa. Hakuna ualimu bila cheti. Nikampa shikamoo mbili, kaitika zote, kanikatalia palepale. Mwisho kalegea: nimlete Mchina mmoja aandike karatasi kwamba najua, ataipokea. Polikarpo kasikia. Huyu alikuwa mpishi wa Wachina kambini. Ananiita mwalimu hewa. Yeye anajua majina ya mboga tu!

Jumatano, 10 Julai
Bahati! Kesho fundi mkuu Mchina anapita stesheni kukagua reli. Nimekaa kuyakumbuka maneno. Yamekuja na mambo yake yote: chai isiyo na sukari, kofia za majani, Bwana Chen akinifundisha kuhesabu kwa nati. Venance, mwenzangu wa kuchimba, na mimi tunakula bakuli moja. Jioni tunacheza mpira na Wachina, wanaanguka kama magunia, wanacheka. Siku hizi treni inapita handaki letu watu wamesinzia. Tulikuwa vijana, jamani. Mlima ulituogopa.

Alhamisi, 11 Julai
Fundi mkuu ni mzee, mvi tupu. Kupitia mkalimani kaniambia nimsalimie mama muuza ndizi kwa Kichina. Kumsalimia! Handakini nani alinisalimia? Kichwani mwangu hamna salamu hata moja. Polikarpo pembeni anakohoa makusudi. Nikatoa neno nililokuwa na uhakika nalo, kwa sauti yote ya Uchindile, maana yake: lala chini, baruti!

Mzee kalala! Tumbo kwenye kokoto, mikono kichwani. Na mimi nikalala, mwili ulikumbuka wenyewe. Mama wa ndizi kauliza nani katuroga. Tukatazamana palepale chini. Mzee kacheka, halafu machozi. Kumbe alichimba handaki lilelile, upande wa pili wa mlima! Mwaka mzima tulisikia nyundo zao, tukawasubiri.

Kaandika karatasi kwa Kichina, kagonga mhuri. Mkalimani kanisomea: huyu Kichina hajui, lakini alichimba na sisi, mpeni chai.

Ijumaa, 12 Julai
Bwana Gosbert kaupapasa ule mhuri mwekundu kama anapima homa. Kauliza karatasi inasemaje. Nikasema: nimefaulu vizuri sana! Darasa limefunguliwa.

Sasa wewe uliyefungua daftari langu bila hodi, tuelewane. Usimwambie Gosbert. Nakufundisha siku tatu, cheti naandika mwenyewe. Ukafundishe Mlimba, yote yako. Ifakara niachie.