Dada Yangu wa Siku Sita

Mkuu wa Kitengo cha Kompyuta,
Hospitali ya Macho.

Ndugu Mkuu,

Ninakuandikia kwa heshima, ambayo leo nimeitafuta kwa tochi. Mimi ni mpiga chapa mstaafu. Dada yangu mkubwa ni mkunga mstaafu, ana miaka themanini na moja. Jicho lake la kushoto lilishazima. La kulia, daktari amesema, lisipopasuliwa mwezi huu, basi tena. Tukaambiwa nafasi haiombwi tena dirishani, inaombwa kwa fomu ya mtandaoni. Tukashukuru, wajinga sisi. Malalamiko ni haya:

1. Fomu inataka tarehe ya kuzaliwa. Ukigusa kisanduku, inafunguka kalenda ya mwezi huu, na kimshale cha kurudi nyuma mwezi mmoja mmoja. Kumfikia dada ni kubonyeza mara mia tisa sabini na mbili. Dakika ya kumi fomu inachoka na kujifunga.

2. Kuandika tarehe ni marufuku. Nimepiga tarehe kwa taipureta miaka thelathini na mmoja, wakubwa wakazitia saini bila swali. Kisanduku chenu kikanikatalia tarakimu nane tu za tarehe! Aliyekibuni bila shaka ana macho mawili, kipanya kipya, na hana mzazi aliyezeeka.

3. Dada hutumia simu inayomsomea kwa sauti. Ilipofika kwenye kalenda yenu ikatamka kitufe, kitufe, kitufe, mpaka mwisho wa mwezi, isitaje hata siku moja. Kisha mkamwonya kuwa amekosea, kwa rangi nyekundu. Kumwonya asiyeona kwa rangi! Akili hiyo, Mkuu, haisomewi. Mtu huzaliwa nayo.

4. Jumatatu, vidole vimekufa ganzi, dada alibonyeza palipobonyezeka. Fomu ikapokea tarehe pekee inayoipenda, ya siku ileile. Muda si muda ukaja ujumbe wa kutupongeza kwa kujaliwa mtoto wa kike, na kudai kadi ya kliniki ya mama. Mama tulimzika miaka arobaini iliyopita.

Kwa kuwa kompyuta haikosei, na kosa ni letu kuzaliwa mapema, naomba mmalizie mlichoanza. Mtangaze kwamba sasa mkubwa ni mimi, maana tangu Jumatatu sijapata shikamoo hata moja. Muwaeleze wapwa zangu, wazee wenye mvi, walizaliwaje kabla ya mama yao. Tena mtoe amri kwamba anayetaka kuona azaliwe mwezi huu.

Hayo yakiwashinda, wekeni mahali pa kuandika siku, mwezi na mwaka. Dada aliandika tarehe za kuzaliwa za nusu ya mji huu kwa kalamu ya wino, na hakumrudisha mtu nyumbani kwa ajili ya mshale. Sasa anakaa kitandani akilia, na mimi naona uchungu.

Wasalimie wote kitengoni, wakubwa kwa wadogo, na kimshale nacho nakisalimu.

Ni mimi, niliyechoka kubonyeza,
Mpiga chapa mstaafu, sasa kaka mkubwa.

N.B. Kabla sijaifunga bahasha, hospitali imepiga simu. Kumbe mtoto wa siku sita asiyeona hapangi foleni: daktari wa upasuaji anamsubiri kesho saa mbili asubuhi. Nakusihi, Mkuu, kalenda isiguswe na mtu hadi kesho jioni. Nimemwambia dada akifika mlangoni asiseme neno, alie tu. Anasema hilo halimpi shida, amelifanyia mazoezi tangu Jumatatu.