Kalibu za Bi Idella

Jumatatu, 2 Septemba
Mashindano ya klabu yetu ya kulenga shabaha ni Jumamosi. Ubao wa washindi pale ukutani umebakiwa na nafasi ya jina moja. Moja tu! Mimi nimekuwa wa pili miaka sita mfululizo, kila mara nyuma ya Bi Idella Kjelstad, mjane wa miaka sabini na tisa, anayelenga shabaha huku akisimulia habari za mbuzi wake. Yule mama si mchezo. Namvulia kofia. Ila jina lake liko mara tisa pale, jamani, inatosha.

Nimeng'amua siri yake: kalibu. Zile nyeusi za marehemu baba yake, vyuma vya mviringo anavyofunga kwenye mashine ili kujaza upya maganda ya risasi. Mimi nina mashine mpya inayong'aa na bado nashindwa. Kwa hiyo ni kalibu.

Jumanne, 3
Nimempelekea soseji za mawindo. Nikampa pole kwa kuhangaika na vyuma chakavu katika umri wake. Nikajitolea, kwa roho safi, tubadilishane: achukue kalibu zangu mpya, anipe zile kuukuu. Akanitazama juu ya miwani. Akauliza kama nina hakika. Nikasema kabisa. Akazipangusa taratibu kwa kitambaa, akanifungia kwenye kopo la biskuti. Roho iliniuma, nusura nizirudishe. Nusura.

Jumatano, 4
Hazishiki! Tundu la mashine yangu ni pana, kalibu ni nyembamba. Imepita moja kwa moja bila kushika hesi hata moja, ile mikato ya kufungia kama skrubu, ikatua kwenye kidole changu cha mguu. Mke wangu Lorna akauliza kama nilipima kabla ya kubadilishana. Nani hupima? Hapa kwetu kila mtu anajua kalibu yoyote inaingia mashine yoyote. Kumbe hizi ni za enzi ambazo kila kiwanda kilikata hesi kivyake.

Halafu nikakumbuka: zangu ni nene, tundu la mashine yake ni jembamba. Basi naye amekwama! Nimekula pai vipande viwili.

Alhamisi, 5
Nimeizungushia kalibu tepu. Ikakaa vizuri. Nikavuta mkono wa mashine, ikachomoka na kuruka hadi kwenye ndoo. Maganda manne yamepinda.

Nikapita kwa Bi Idella nione anavyoteseka. Hateseki. Tundu la mashine yake lilikuwa na pete ya chuma ya kulipunguza. Ameifungua kwa spana, na kalibu zangu zimekaa humo raha mustarehe. Ameshajaza risasi mia. Pete yenyewe ilikuwa mezani, kando ya kahawa. Ningeifunga kwenye mashine yangu, shida yangu ingekwisha. Niiombe? Heri nife. Nikasifu mbuzi, nikaondoka.

Jumamosi, 7
Bi Idella wa kwanza. Risasi tano, na matundu yote unayafunika kwa sarafu moja. Nilipiga makofi hadi viganja vikawaka, na wala sikujilazimisha. Mimi, kwa risasi za dukani: wa pili.

Walipotaka kuandika jina lake, akawazuia. Akasema nafasi ile ibaki wazi, mwakani kuna mtu ataihitaji. Kisha akanivuta pembeni, akanitilia ile pete mkononi.

"Ulisahau kuiomba juzi, Verlin. Nilikuona ulivyoikodolea macho."

Machozi, kweli. Akanishika bega.

"Wala si kalibu, mwanangu. Kila asubuhi nikishakamua mbuzi, napiga risasi ishirini. Miaka arobaini sasa. Basi."

Mwanamke gani huyu!

Jumapili, 8
Ibada nzima nimeyatafakari maneno yake. Kila asubuhi. Miaka arobaini. Mikono imetulia tuli. Na nilivyo mjinga, nilikuwa nahangaika na vyuma!

Ni mbuzi. Kukamua ndiko kunakotuliza mikono. Kesho nampelekea mashine yangu mpya, anipe yule jike mweupe mwenye pembe ndefu. Lorna ameuliza kama nimepima mlango wa banda. Nani hupima? Mbuzi yeyote anaingia banda lolote.