Ombi la Dozi Hadi Nistaafu

Kiplombe, Eldoret
Jumamosi
Kumb. Na. OKEYO/TAYA/2

Kwa Daktari Chelimo, Mpasuaji wa Taya

Daktari,

Kabla hujaendelea, nakusihi ufunge mlango. Barua hii asiisome mtu mwingine, hata Sista Mideva wa kliniki yako. Nikimwandikia jambo zito kwenye kidaftari changu, maana kwa sasa siwezi kuongea, hulisoma kwa sauti hadi foleni nzima icheke. Zaidi ya wote asiione Shangazi Apondi, ambaye ninakaa kwake. Ofisini wanajua niko likizo ya kung'oa jino.

Mimi ni Cyril Okeyo, karani wa masjala. Ndiye uliyemkata taya la chini siku kumi na moja zilizopita na kulirudisha nyuma, kwa kuwa meno yangu ya chini yalikuwa yametangulia ya juu na sikuweza kula chapati bila kuirarua kwa mkono. Kazi yako ni nzuri. Nimejitazama kwenye kioo, na sasa nafanana na mtu anayesikilizwa. Malalamiko yangu ni kuhusu antibiotiki tu.

1. Dozi ya kwanza ulinitilia kwenye mshipa kabla ya kisu, nikiwa nimelala fofofo, na ya mwisho asubuhi iliyofuata. Kisha basi. Ofisini kwetu mtu hakabidhiwi kitu akiwa amelala; lazima atie sahihi. Kwa hivyo dozi ya kwanza siitambui.

2. Ulinieleza kwa upole kwamba kwa mtu wa hali yangu, kuendelea kumeza hakungeniongezea kinga ya maana, ila kungenisumbua tumbo na kuwazoesha bakteria dawa, hata siku nikiihitaji kweli isinisaidie. Nilielewa kila neno, na hilo ndilo lililoniudhi. Niliandika "Sawa, daktari" kwenye kidaftari. Naomba kuyafuta maneno hayo.

3. Ng'ombe wa Mzee Kipyego, mwenye nyumba wetu, alivimba kiwele mwezi uliopita. Alidungwa sindano siku tano mfululizo. Mimi, mwenye diploma, nimepewa siku moja. Nilimwandikia Mzee kumuuliza aliwezaje kupata siku zote hizo. Akasema, "Kijana, ng'ombe alikuwa mgonjwa. Wewe una nini?" Nilimwonyesha mdomo uliofungwa, kana kwamba ndio ulionizuia kujibu.

4. Dennis wa meza ya pili alipiga chafya mara mbili, akaenda duka la dawa, akarudi na makapsuli ya wiki nzima. Alimeza ya siku mbili, mafua yakaisha kama yanavyoisha siku zote, na yaliyobaki yako kwenye droo yake kando ya stepla. Mimi niliyekatwa mfupa sina hata moja la kuweka kwenye droo.

5. Tangu Alhamisi, upande wa kushoto chini unanichoma na kinywa kinanuka. Meno yamefungwa kwa ile mipira midogo, kwa hivyo sioni ndani. Nimekunywa uji, maziwa na supu, na sijala kitu kingine chochote ambacho niko tayari kukiweka kwenye maandishi. Jana Shangazi alisogeza kiti chake mbali nami. "Cyril! Huko ndani kumekufa nini?" akanipigia kelele, maana tangu nifungwe mdomo anadhani nimefungwa na masikio. Daktari, ni usaha. Mwezi ujao nitaketi mbele ya kamati inayothibitisha makarani kazini. Mwenyekiti ni Bi. Wacera, na majibu ya kidaftari hapokei. Taya likioza nitabaki bila kidevu na bila kazi, kwa mpangilio huo.

6. Kwa hivyo naomba antibiotiki kila siku hadi nistaafu. Nina miaka ishirini na minne, kwa hivyo ni miaka thelathini na sita tu. Shangazi naye apewe, kwa kuwa hunipulizia uji upoe. Paka wake apewe, kwa kuwa hulala kwenye mto wangu, akishasamehewa na kuruhusiwa kuingia ndani. Dennis aendelee, kwa kuwa alishaanza.

Usipokubali, kuna kopo. Shangazi hukusanya dawa zilizobaki za ukoo wetu wote kwenye kopo la majani chai, kwa kuwa kwake kutupa dawa ni dhambi. Humo nimekuta makapsuli kumi na manne ya rangi tano. Mawili yalikuwa ya marehemu Mjomba Ouma, na hayakumsaidia. Nimeyapanga kwa rangi na kuyafungulia faili. Nayaogopa kuliko ninavyouogopa usaha, lakini nisipopata neno lako kufikia Jumatatu saa nne asubuhi, nitaanza na ya manjano.

Wasalimie wote hapo kliniki, hata Sista Mideva, na yule askari wa lango aliyenidaka nilipozimia siku ya kuja kuuliza tu bei.

Wako kwa hofu na heshima,
Cyril Okeyo

Baada ya sahihi: Nilipofungua faili ya taya kuweka nakala ya barua hii, nilikuta ukurasa wa kwanza ni karatasi ya maagizo uliyonipa nikiruhusiwa kwenda nyumbani. Niliipiga muhuri wa "Imepokelewa", nikaipa namba, nikaiweka kwenye faili. Sikuisoma. Masjalani hatusomi, tunatunza. Inasema nisitafune chochote kwa wiki sita, na nisafishe kinywa kwa mswaki wa mtoto na maji ya chumvi baada ya kila mlo. Nimefanya hivyo sasa hivi, nikivuta shavu na kumulika kwa tochi ya simu. Nyuma ya jino la mwisho la kushoto kimetoka kichwa cha omena, dagaa wa ziwani. Maumivu yamepungua, harufu imekwisha, na hoja ya tano nayo imekwisha. Zile nyingine zilikuwa zimeiegemea.

Jumatano nilifungua mipira mwenyewe nikala omena watatu wa Shangazi. Labda tisa. Barua hii ningeirarua, lakini imeshapewa namba. Makapsuli sitayagusa, nitakuletea kopo lote uliteketeze unavyojua. Ila naomba unipime haraka, nijue kama taya limesogea.

Usinipigie simu, siwezi kuongea. Tuma ujumbe kwa namba ya Shangazi iliyo kwenye fomu yangu, uandike "Cyril aje apimwe" na usiongeze neno. Omena usiwataje. Anaamini ni paka, na tangu Jumatano paka analala nje.