Simu Yangu na Kikompyuta cha Mjomba

Wasee, leo nimeaibika. Mchana kweupe, mbele za watu wa mataifa yote. Na hapa ninapoandika bado nina medali shingoni, kwa sababu Neema amenikataza kuivua mpaka apige picha za kutosha.

Wacha nieleze kuanzia mwanzo, maana najua kuna mtu ameshasikia nusu ya habari na anaongeza chumvi. (Wewe unajijua.)

Neema wangu mnamjua, yule wa mapokezi hapo hotelini kwetu Al Mankhool. Mjomba wake wengi hamjamjua. Mjomba Eliamini ni kaka wa mama yake, mtu wa Moshi, yuko Dubai tangu zamani, msimamizi wa ghala kule Airport Freezone. Ndiye mzee wao wa huku ughaibuni. Kesho anapanda ndege kwenda nyumbani likizo, na wazazi wa Neema wameshasema kwamba watasikiliza neno la Eliamini. Akisema kijana anafaa, watu wangu watapokelewa kuleta posa. Akisema hafai, nirudi Kapsabet nikakamue ng'ombe.

Kwa hiyo wiki iliyopita aliponiuliza, "Nasikia na wewe ni mtu wa baiskeli?" nilijibu "Sana, mjomba!" kabla hajafunga mdomo.

(Naendesha kutoka kwangu mpaka kazini. Ukiweka wimbo, haujafika kiitikio umefika.)

Mjomba sasa, huyo ndiye mtu wa baiskeli. Kila wikendi yuko kwenye njia ya baiskeli ya jangwani. Mzee hana kitambi! Miguu yake ni mishipa na mifupa tu, lakini akikanyaga pedali unasikia upepo. Mimi nikizeeka nataka kuwa yeye, na sisemi hivyo kwa sababu namtaka mpwa wake. Basi, kidogo ni kwa sababu hiyo.

Alfajiri akaja kunichukua na pikapu yake, baiskeli mbili nyuma.

"Shikamoo, mjomba." (Nimefundishwa na Neema. Sisi kwetu tunapeana mkono na tunauliza ng'ombe.)

"Marahaba, Kip."

Jina langu mnalijua ni Kipchumba. Familia ya Neema walilisikia wakacheka wiki nzima, eti Kipchumba mchumba, mwisho wakaona yaishe, wakabaki na Kip. Shikeni hapo, ni muhimu.

Tukafika. Nikaanza kufunga mitambo. Simu kwenye usukani, ndani ya kava jeusi. Power bank chini yake, nimeifunga na selotepu. Waya umezunguka fremu mara tatu. Mjomba akasimama akatazama, mikono kiunoni.

"Aisee Kip, hii ni baiskeli au duka la simu?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Wiki nzima nimesoma mabishano ya waendesha baiskeli mtandaoni: ununue kompyuta ya baiskeli au utumie app ya simu? Watu wanatukanana huko kama ni siasa. Mimi nikaamua simu. Nikamwaga sera.

"Mjomba, hii ni app. Ramani ya rangi, kioo kikubwa, inaniambia mwendo, inaniambia hali ya hewa, inaongea yenyewe nikikaribia kona. Na simu ninayo tayari, ya nini kubeba dude la pili?"

"Na ukipigiwa?"

"Napokea hapohapo!"

Akatikisa kichwa taratibu, halafu akanionyesha kikompyuta chake. Kidude kidogo, ukubwa wa kiberiti, hakina hata rangi, maandishi meusi tu. Nilisikia huruma.

"Hiki kinajua nimetoka wapi na ninaenda wapi, basi," akasema. "Hakipigi picha, hakisomi meseji, hakijui umbea. Kinakaa juani kutwa nzima na chaji inabaki."

"Na simu yako?"

Akajipiga mfuko wa mgongoni. "Imelala. Siku nikianguka nataka simu yenye nguvu ya kupiga, sio iliyochoka kwa kunionyesha njia. Kule ghalani kwangu, forklifti hatuiombi ituchemshie chai."

Nikacheka kwa adabu, lakini moyoni nikasema mzee amepitwa na wakati. (Mungu alikuwa macho.)

Tukaondoka. Na niseme ukweli, mwanzo app ilipiga kazi! Sauti ya yule mwanamke ikitangaza "kilomita moja" nilikuwa nageuka kumwangalia mjomba kama mwanamke mwenyewe nimemzaa mimi. Ramani safi, alama yangu ya bluu inatembea. Hata mjomba alisogea akachungulia akasema, "Hii ramani ni nzuri, siwezi kukataa." Nikavimba kichwa.

Halafu jua likapanda. Tunaambiwa eti mwezi wa kumi joto la Dubai limepungua. Limepungua wapi? Kwanza kioo kikageuka kuwa cha kujitazamia. Nikitafuta njia, naona pua yangu na jasho. Nikaongeza mwanga mpaka mwisho. Mjomba mbele yangu anatupia jicho kile kidude chake mara moja tu, anaendelea. Jua likizidi, maandishi yake ndiyo kwanza yanakolea! Hapo heshima ikaanza kuniingia, lakini nikajikaza.

Kidogo simu ikaandika kwamba imepata joto kali na inahitaji kupoa. Kisha ikajizima. Nikasimama pembeni. Nikaipuliza. Nikaipepea na kofia. Mwisho nikaimwagia maji ya kunywa. (Msiniulize. Naomba tu msiniulize.)

Mjomba hakujua nimesimama. Nilipoinua macho alikuwa mbali, namtambua kwa fulana nyekundu tu. Akageuza kichwa, akaona nimebaki, akanipungia mkono na kupaza sauti. Upepo ulikuwa unakuja kutoka kwangu kwenda kwake, kwa hiyo nilipata vipande tu. Lakini jina langu nililisikia vizuri kabisa:

"...Kip, left! ...Nyoosha!"

Sawa, mjomba! Kip, left, halafu nyoosha. Akapotelea nyuma ya kilima cha mchanga. Nikapanda, nikakanyaga, na njia ya kwanza ya kushoto niliyoikuta nikaingia nayo. Mkwe mtiifu.

Njia ilikuwa nzuri ajabu. Imezungushiwa uzio mdogo pande zote mbili, na imefungwa baluni. Nikasema hawa Waarabu wanajua kutunza vitu, hata baiskeli zinawekewa baluni! Mtu mmoja mwenye bendera akanipungia kwa bashasha kwamba twende, "Yalla, baba, yalla!" Nikampungia. Nikajiuliza baba gani.

Nilipokata kona nikajua baba gani.

Watoto! Mbele watoto, nyuma watoto, kando watoto. Vihelmeti vya rangi, baiskeli za kunifika gotini. Nilikuwa nimeingia katikati ya mashindano ya baiskeli ya watoto wadogo, na kwa uzio ule hakuna pa kutokea isipokuwa mwisho. Wazazi nje wanapiga makofi. Nikasema basi, nitoke haraka kabla sijaonekana. Nikakaza. Nyuma yangu kengele ikalia, kri kri kri! Msichana mdogo, meno mawili ya mbele hana.

"Uncle, move!"

Nikasogea. Akanipita. Wasee, baiskeli yake ilikuwa na vigurudumu vya pembeni. Mimi, mtu wa Kapsabet, kule ambako hata makondoo yana pumzi za mbio, nimepitwa na baiskeli ya magurudumu manne! (Miguu yangu ilikuwa imekwisha tangu kilomita ya pili. Nilimficha mjomba, ninyi siwafichi.)

Nikavuka utepe wa mwisho nikiwa wa saba. MC akapiga kelele kwenye spika kwamba huyu mtoto anakula vizuri. Watu wakashangilia kweli kweli. Kabla sijajieleza, mtu akanivika medali yenye picha ya ngamia anayeendesha baiskeli, mwingine akanipa juisi ya boksi na mrija wake.

Dada mmoja mwenye abaya na kitambulisho cha waandalizi akaniona nimeduwaa. Mpole sana yule dada, Mungu ambariki.

"Uko na nani, sir?"

"Na mjomba wangu. Nimempoteza. Simu yangu imezima."

"Hakuna shida, chukua yangu umpigie. Namba yake?"

"Iko kwenye simu."

"Kuna mtu mwingine wa kumpigia?"

"Mchumba wangu."

"Namba yake?"

"Iko kwenye simu."

Akaishusha simu yake. "Na yako mwenyewe, unaijua?"

Nilikunywa juisi.

"Khalas, basi," akasema, "njoo ukae kivulini." Akaniuliza jina, nikasema Kip, akanipeleka kwenye hema. Nikakaa kwenye kiti cha plastiki, magoti yakanifika masikioni. Ndipo nikasoma kibao kilichokuwa juu ya mlango: Watoto Waliopotea. Na hema zima nilikuwa peke yangu. Leo hata mtoto mmoja hakupotea!

Kisha spika ikafunguka. Kiarabu kwanza, Kiingereza baadaye, nchi nzima isikie.

"Tunaye Kip hapa, amevaa njano, amempoteza mjomba wake. Mjomba wa Kip, tafadhali njoo kwenye hema la watoto. Kip hajambo. Anakunywa juisi."

Wueh! Kina mama wakaanza kuja kuchungulia wamwone maskini mtoto Kip. Wakachungulia. Wakanikuta mimi, ndevu zote hizi. Mmoja aliondoka ameshika mdomo, mabega yanacheza.

Mjomba akafika ametulia kama mtu anayekwenda kununua mkate. Alipoona simo nyuma yake, kidude chake kilimrudisha juu ya njia yake mwenyewe mpaka aliponiacha, na hapo akaisikia spika. Hakuuliza mtu njia hata mara moja. Akasimama mlangoni. Akatazama medali. Akatazama mrija.

Yule dada akauliza, "Sir, huyu ni wenu?"

Mjomba akafikiri. Nawaambia alifikiri! Nikaona posa yangu inaelea.

"Bado," akasema. "Tulikuwa tunajadiliana."

"Mjomba, wewe ndiye uliniambia left!" nikaruka. Kiti kikaja na mimi, kimenasa nyuma. "Umeniita kabisa, Kip, left!"

"Nani kasema left? Nimesema ukifika kipilefti, nyoosha!"

"Si ndiyo hiyo! Kip, left!"

"Ki-pi-lef-ti! Pale barabara zinapozunguka duara! Kwenu mnapaitaje?"

"Raundabauti!"

"Sasa ndiyo lugha gani hiyo?"

"Lakini mjomba, hapa Dubai magari yote yanapita kulia. Itakuwaje kipilefti, yaani keep left?"

Mzee akachora duara hewani kwa kidole, kushoto, kisha kulia. Miaka yote aliyokaa hapa, naamini ilikuwa mara ya kwanza kulifikiria. Lakini hakucheka, nami nikaona afadhali nirudi kukaa na kiti changu.

Hapo ndipo simu ikalia mgongoni kwake, ile iliyolala, chaji imejaa. Alikuwa amempigia Neema alipokuwa ananitafuta, Neema akapaniki akampigia mama yake Moshi kwamba mchumba amemezwa na jangwa. Na sasa mama mwenyewe ndiye yuko hewani, anaongea kwa sauti ambayo haihitaji spika.

"Kaka, umempata?"

"Nimempata, dada."

"Ni mzima?"

"Mzima. Amepewa na zawadi."

"Haya, sema basi, maana mzee hapa ameketi anasubiri. Huyo kijana umemwonaje?"

Jamani, nilishika lile boksi la juisi mpaka likapasuka. Mjomba akanitazama, kuanzia viatu mpaka helmeti.

"Dada, nikwambie ukweli. Njia hajui. Mbio hana, na sijui Mkalenjini gani huyu. Kitu cha simu amekitegemea mpaka hajui namba ya mtu yeyote. Lakini amesikia sauti ya mkubwa wake akageuka pale pale bila kuuliza. Na alipoona amepotea hakujifanya mjuaji, amekaa alipowekwa, akasubiri aje kuchukuliwa. Mimi nimewasimamia vijana wengi. Wa hivyo hawapatikani. Waambie wazee, watu wake waje."

Vigelegele vilivyotoka kwenye ile simu vilimshtua yule dada wa hema mpaka akauliza kama kuna msiba. Mimi macho yalilowa, na haikuwa jasho.

"Ila dada," mjomba akaongeza, "waje na dereva anayejua njia."

Basi, ndiyo habari kamili. Nyumbani nimeweka simu kwenye mchele (haya naandika kwa kompyuta ya Neema) na nimeanza kuulizia kile kidude cha rangi moja, na namba ya Neema nimeikariri, niulizeni hata usingizini. Na nimesikia mmeshaanza kuniita Kipilefti kwenye lile kundi lingine. Endeleeni tu. Atakayecheka, kadi ya harusi hapati.