Kuponywa Haraka Mno

Kwa Daktari Imogen Sowerby,
Zahanati ya Skelby, Yorkshire.

Mheshimiwa Daktari,

Salamu, na pole kwa kazi. Tangazo lenu la mapokezi linasema mgonjwa alete tatizo moja tu kwa kila miadi ya dakika kumi. Mimi nina matatu, ndiyo maana naandika.

1. Uliniponya haraka mno. Tangu mke wangu Margery afariki nasoma riwaya za kale za maktaba, na utaratibu wa kuugua humo naujua. Mtu akinyeshewa, hulala wiki tatu. Hubandikwa ruba wa kumnyonya damu, hunyweshwa brandi na mchuzi wa ng'ombe, na jamaa huja mbio kwa farasi. Mimi nilinyeshewa Jumatatu nikipalilia vitunguu. Jumanne ukanipa vidonge. Ijumaa nikawa bustanini tena! Ugonjwa gani huo?

2. Binti yangu Harriet, aliyeko Leeds, alikuwa ameshafunga begi aje kuniuguza. Ijumaa akapiga simu. Nikajaribu kukohoa, kikohozi kikagoma. "Baba, mbona sauti safi kabisa! Basi nitakuja Krismasi, sawa?" Katika riwaya hakuna binti anayesema hivyo. Iliniuma, Daktari.

3. Vidonge vyenu havihitaji mtu. Ruba wanataka wa kuwabandika, mchuzi unataka wa kuukoroga, kitambaa cha paji la uso kinataka wa kukikamua. Kidonge kinataka glasi ya maji tu. Nilipomweleza haya Bi Doreen wa mapokezi, akanijibu mbele ya watu, "Bwana Ogden, ruba kawatafute kwenye bwawa la bata!"

Kwa hiyo naomba uniandikie homa ya wastani ya siku tisa, ruba sita wenye afya, na amri ya kwenda Scarborough kupunga upepo wa bahari, nikisindikizwa na binti.

Wasalimie wauguzi wote, na hata huyo Doreen.

Wako mtiifu, mzima wa afya kwa bahati mbaya,
Wilfred Ogden

Tanbihi: Nilikuwa nalamba bahasha niifunge Harriet alipobisha hodi, bila kuitwa, na sufuria ya mchuzi wa ng'ombe mkononi. "Baba, ulinyamaza sana kwenye simu," anasema. Amelowa chapachapa na anakohoa vibaya. Daktari, achana na yote niliyoandika hapo juu. Mpe vile vidonge, leo hii. Wa kukaa kando ya kitanda chake yupo.